Nani Alikata Kifuniko cha Bwawa?

Kifuniko cha bwawa kilikuwa kimeibwa, na mwenye bwawa alikuwa amepiga magoti ukingoni akipima hasara kwa rula.

"Milimita saba," alisema bila kuinua kichwa. "Tangu jana tu. Saba!"

Inspekta alisimama kivulini akamwacha amalize. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na kituoni walimjua kwa jambo moja: hakuwa na haraka. Koplo wake, ambaye haraka ndiyo ilikuwa ugonjwa wake, alishaanza kupiga picha eneo la tukio.

Mwenye nyumba alikuwa mhandisi wa barabara. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi kumi na moja, na mamlaka ya maji ilikuwa imepiga marufuku kujaza mabwawa ya kuogelea. Mhandisi hakulalamika. Alinunua kifuniko cha plastiki ya buluu, chenye viputo vya hewa chini yake, akakilaza juu ya maji yasipotee kwa jua na upepo. Pampu ilifanya kazi saa mbili tu kwa siku. Maji ya kusafishia chujio yaliingia kwenye pipa, yakapigiwa deki. Na kwenye vigae vya ukingoni alichora mistari ya penseli, kila siku na mstari wake.

"Nikifunika napoteza milimita moja kwa siku," alisema. "Bila kufunika, saba. Baada ya wiki mbili maji yatashuka chini ya tundu la pampu. Pampu itavuta hewa, maji yataoza, na kujaza siruhusiwi. Bomba likikauka, vyoo vyote vya nyumba hii tunavimwagia maji haya, Inspekta. Huyu mtu hakuiba plastiki. Kaiba maji ya familia yangu."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku. Namjua."

Akamnyooshea kidole mtu aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya chumba cha pampu. Huyo ndiye mtunza bwawa. Wote walimwita Klorini, kwa sababu ya dawa ya maji: macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, na masikini ya Mungu hakuwahi kuonja pombe.

"Ufunguo wa geti la nyuma unao?" Inspekta alimuuliza.

"Ninao, afande."

"Jana Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Natengeneza banda la kuku."

"Banda la kuku!" Mhandisi alidakia. "Muulize wiki iliyopita aliniomba nini!"

Klorini aliinuka kwenye ndoo. "Niliomba kipande cha kuezekea. Kikizeeka, bosi. Nilisema kikizeeka!"

"Nani alikuona jana ukiwa huko?"

"Kuku."

Koplo aliangua kicheko, akakutana na jicho la Inspekta, akakimeza. Klorini hakuwa anatania. Aliishi peke yake.

"Afande, nina miaka tisa hapa," alisema. "Nikitoka na jina la mwizi, nani mwingine atanifungulia geti lake?"

"Mpelekeni mahakamani kesho asubuhi," Mhandisi alisema. "Mambo mengine ataeleza huko."

Inspekta alikwenda mwisho wa bwawa, palipokuwa na bomba refu la kukunjia kifuniko. Mwizi alikuwa amekata na kuacha utepe mwembamba wa plastiki uliofungwa kwenye bomba. Inspekta aliinama, akavaa miwani.

"Koplo, njoo uone. Huu ni mstari wa nini?"

"Wa chaki, afande."

"Na mkato umefuata mstari?"

"Umefuata kabisa. Haujatoka hata unywele."

"Na hizi?"

Koplo alikodoa macho. Kando ya mkato kulikuwa na namba ndogo za chaki: moja, mbili, tatu. Penye kila namba plastiki ilikuwa imechanwa kidogo kwa ncha ya mkasi, alama mbili mbili, zikitazama upande uliochukuliwa.

"Mimi nimekamata wezi miaka ishirini," Inspekta alisema. "Sijaona anayepima kabla ya kukata. Huyu kaweka namba na alama za kuunganishia. Kakata vipande vitatu, na anataka siku moja virudiane."

"Basi ni Mhandisi mwenyewe," Koplo alinong'ona. "Huyu anapima mpaka jasho lake."

"Nyumba hii kuna nani mwingine?"

Kulikuwa na mke wa Mhandisi, muuguzi, aliyekuwa amerudi kutoka zamu. Kulikuwa na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu, aliyejifunza kutembea juzijuzi na sasa alikuwa hashikiki. Na kulikuwa na Bibi, mama mzazi wa mke, aliyekuwa akishinda na mtoto wazazi wakiwa kazini.

"Mama yako alifanya kazi gani zamani?" Inspekta alimuuliza muuguzi mlangoni.

"Fundi cherehani. Nguo zangu zote za shule alishona yeye."

"Vyumba vyote mmevipekua, Koplo?"

"Vyote, afande. Hata cha Bibi. Nimeangalia kabatini na uvunguni."

Inspekta alibisha hodi chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, mjukuu akizunguka chumba huku akivuta kila kinachovutika. Hakuwa mfupi, lakini miguu yake ilikuwa ikining'inia, haifiki sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Inspekta akakaa pembeni yake kitandani.

*Pa!* Kitu kilipasuka chini ya godoro. Akajisogeza. *Pa, pa!*

Walitazamana. Koplo, mlangoni, aliinamisha uso kwa aibu. Kweli, nani angethubutu kuinua godoro la mama mtu mzima?

Nje, dirishani, askari mwingine, asiyejua habari za chaki, alikuwa akimpeleka Klorini kwenye gari, mikono imefungwa pingu. Bibi alimwona.

"Mfungueni yule," alisema. "Hajaiba kitu. Ni mimi."

"Lini, mama?"

"Jana mchana. Wao walitoka, mtoto amelala. Kilikuwa kizito, ndiyo maana nikakikata."

"Kwa nini?"

Bibi alimvuta mjukuu, akamkumbatia mpaka mtoto akaanza kulalamika.

"Ijumaa nilikuwa naanika nguo. Nageuka, huyu yuko ukingoni, keshaweka mguu mmoja juu ya ile plastiki. Anaona ni zulia! Nilimdaka kwa shati. Tangu siku hiyo sijalala, mwanangu. Nikifumba macho namwona anaingia chini, na kile kitu kinamfunika."

"Hukumwambia mkweo?"

"Mkwe wangu nitamsemeshaje kwa ukali, nyumbani kwake? Nilimwambia binti yangu amwambie. Mara tatu. Uzio ameahidi tangu mwaka jana, bado anachora ramani yake. Nilisema moyoni, auweke uzio kwanza, halafu plastiki yake nitaishona mwenyewe, hata mshono hatauona. Sikutaka kumharibia."

"Na Klorini?"

Hapo Bibi akalia. "Sikumfikiria. Wallahi sikumfikiria. Asubuhi nilipoona wamemkalisha kwenye ndoo, nikaogopa kufungua mdomo. Hilo ndilo kosa langu, liandike."

Vipande vitatu vilitolewa chini ya godoro, vikaletwa uani; Klorini alikuwa bado garini, kwa kuwa malalamiko hayajaondolewa. Mhandisi aliposikia kisa, hasira ilimpanda.

"Kwa hofu tu? Plastiki inaelea! Ingembeba!"

"Mtoto ana kilo ngapi?" Inspekta alimuuliza muuguzi.

"Kumi na nusu. Nimempima juzi."

Inspekta alimtuma Koplo ajaze mchanga kwenye foronya, kilo kumi na nusu, aifunge. Vipande vilitandazwa juu ya maji, namba kwa namba, kama vilivyokuwa.

"Sasa, Mhandisi, ingia ndani, kaa sebuleni. Usichungulie."

Alikwenda akinung'unika. Koplo aliiweka foronya ukingoni, akaisukuma taratibu, mwendo wa mguu wa mtoto. Plastiki ilididimia, maji yakapanda juu yake kidogo, foronya ikateleza. Kisha plastiki ikarudi juu, ikatulia. Buluu tupu, imenyooka. Muuguzi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Inspekta alitazama saa yake, akaita: "Mhandisi! Mtoto haonekani uani. Mtafute."

Alitoka akitembea, mikono mfukoni. Akatazama bwawa. Hakuona kitu. Akainua ukingo mmoja, akauangusha. Akaenda upande wa pili, sasa kwa haraka. Akainua tena. Kisha akajitosa na viatu vyake, na plastiki ikamzingira kila upande. Kila alipoisukuma ilimrudia kichwani. Alizama, akaibuka, akakohoa, akazama tena. Alipoipata foronya aliikumbatia kifuani, akaja nayo mpaka kwenye ngazi, uso umemsawijika.

"Dakika mbili na sekunde ishirini," Inspekta alisema. Hakuisema kwa ukali. "Na wewe ulikuwa unajua yumo."

Mhandisi aliketi kwenye ngazi, foronya bado mikononi.

"Nilikwambia," mke wake alisema huku akilia. "Mara tatu. Ulicheka, ukasema Bibi anaogopa hata beseni."

"Nilicheka," alisema.

Alitoka majini. Suruali ya kazini ilikuwa inachuruzika, maji yanakimbilia nyasini, lita kwa lita, wala hakuyaangalia. Alipita mbele ya watu wote mpaka kwenye gari la polisi, akafungua mlango mwenyewe.

"Klorini, ndugu yangu, nimekukosea. Nimekukosea sana."

Klorini alimtazama kwa yale macho yake mekundu. "Nitoeni pingu kwanza, bosi," alisema. "Kulia siwezi na mikono imefungwa."

Inspekta alileta karatasi. "Ulitoa malalamiko ya wizi. Kama unayaondoa, andika maelezo mapya, uweke saini."

Mhandisi aliandika amesimama, karatasi juu ya boneti, matone yakidondokea wino. Katika maelezo ya asubuhi, alipoorodhesha watu wa nyumba yake, alikuwa ameandika "mama wa mke wangu." Sasa aliandika mstari mmoja tu, akautazama, akausukuma kwa Inspekta.

*Kifuniko kiliondolewa na mama yangu, kwa sababu sikumsikiliza.*