Kitelezi cha Kumi na Saba

Aliyepatwa na haya ni binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Mjomba anayetajwa humu ni mjomba wangu pia, kwa hiyo sina sababu ya kumpamba mtu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni. Binamu alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya mjomba, bisibisi mdomoni, akiunganisha nyaya. Ana digrii ya sound engineering, with honours, miaka mitatu iko kabatini inalindwa na mende. Maombi ya kazi ametuma hadi mwenye stationery anamwita kwa jina la utani, Injinia wa Bahasha. Kote jibu ni lile lile: we will get back to you. Hadi leo hawajarudi, utadhani walipotea njia.

Mjomba ni bosi wa ajira kwenye kampuni ya matangazo, tena yenye studio. Neno lake moja linatosha mtu kuingia. Na neno alishalitoa.

"Nitengenezee hii sauti, mpwa wangu. Jumatatu unaanza kazi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya tano. Ya kwanza ilidai spika za gari. Ya pili, televisheni ya chumbani. Mtu mzima na digrii yake anatambaa chini ya vitanda vya watu akifuata waya.

Safari hii ilikuwa hedifoni. Mjomba alikuwa na jozi ya bei ya kiwanja, lakini mwimbaji akitamka "s" inamchoma sikio kama sindano. Basi kanunua ikwalaiza kwa mjane wa fundi redio mmoja: chuma kizito chenye vitelezi thelathini na moja usoni, kila kimoja kinapandisha au kushusha kipande chake cha sauti, kuanzia besi ya chini kabisa hadi mlio mwembamba wa juu. Kitelezi cha kumi na saba kilikuwa kimefungwa katikati kwa utepe mweusi. Juu yake mtu ameandika kwa wino mweupe: USISHUSHE.

"Mjomba, yule mama alisema nini kuhusu huu utepe?"

"Alisema mumewe tu ndiye anajua. Sasa nimuulize nani, marehemu?" Mjomba akacheka, akachukua simu yake. "Si wewe ndiye msomi? Au chuoni mlikuwa mnasikiliza muziki tu kwa miaka minne?"

Akatoka kwenda bustanini, akavuta mlango wa kioo nyuma yake.

Binamu akameza tusi, akavaa hedifoni.

Kazi hii ina utaratibu wake. Unapandisha kitelezi kimoja hadi juu, unasikiliza panapouma, kisha unakishusha. Chuoni waliwakaririsha: kata, usiongeze. Akaweka wimbo wa mwanamke na gitaa. Cha ishirini na sita kikapiga ukelele. Akakishusha kidogo. Ile "s" ikalainika kama imepakwa mafuta.

Angeishia hapo, mimi nisingeandika haya.

Lakini fundi ni fundi. Yule mwanamke bado alisikika kama anaimba ndani ya ndoo, na sauti ya ndoo inakaa katikati, pale pale penye utepe. Binamu akautazama. Fundi wa mtaani asiye na hata cheti anamwandikia yeye amri? Akaung'oa kwa ukucha.

Akapandisha cha kumi na saba hadi juu.

Chini ya gitaa, mtu alikuwa akipumua.

Akasimamisha wimbo. Gitaa likanyamaza. Pumzi haikunyamaza.

Kisha ikaongea.

"Yule mpwa wangu? Aah, achana naye."

Ilikuwa sauti ya mjomba. Karibu. Kama amelaza kidevu begani mwake. Binamu akageuka. Sebule tupu. Akavua hedifoni: kimya, saa ya ukutani tu. Nje ya kioo, mbali huko kwenye ua, mjomba alikuwa na simu sikioni, midomo inacheza.

Akazivaa tena. Midomo na maneno vilikwenda sambamba.

"Nafasi? Ilijazwa mwezi uliopita, kijana wa mwenyekiti. Huyu namwambia Jumatatu, Jumatatu, anakubali. Fundi wa bure huyo, unamwachaje? Bahasha zake sijafungua hata moja."

Kicheko.

Binamu hakujiuliza sauti imepitaje kioo. Nimemuuliza mara nyingi, anajibu vile vile: hakukuwa na nafasi ya kujiuliza, hasira ilikuwa imekaa kila mahali. Miaka mitatu. Jumatatu tano. Magoti yake yalikuwa bado na vumbi la chumba cha mtu yule.

Ukipata panapouma, unafanyaje?

Akaweka kidole gumba kwenye kitelezi. Akakishusha. Kikawa kizito, laini, chenye uvuguvugu, kama kukandamiza kitu chenye uhai. Akakandamiza hadi chini.

Kicheko kikakatika.

Nje, mjomba aliendelea kucheka. Mdomo wazi, mabega yanaruka. Kisha akaitazama simu. Akaitikisa. Akashika koo.

Akaanza kukimbia kuja ndani.

"Baba, una nini?" Anti, mke wa mjomba, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Sema basi! Umekabwa na nini?"

Mjomba alifungua kinywa hadi meno ya mwisho yakaonekana. Hakikutoka kitu. Hata mkoromo.

Binamu akarudisha kitelezi katikati. Bado. Akakisukuma juu kabisa. Ndipo sauti ya mjomba ikasikika, ndani ya hedifoni, ndogo, inanong'ona:

"Mpwa. Huku kuna watu."

Mjomba alikuwa amesimama mbele yake, midomo imefungwa.

Alimpokonya hedifoni, akazivaa mwenyewe. Akasikiliza. Uso ukapauka. Machozi yakamtoka bila kwikwi. Halafu akaikamata ikwalaiza kwa mikono miwili, na kabla binamu hajafungua mdomo kusema usivunje, ikawa vipande sakafuni.

"Please," binamu akanong'ona, hajui anamwomba nani.

Jumatatu aliyoahidiwa ikamkuta kwenye benchi la hospitali, kati ya anti na mjomba. Mtu pekee aliyeweza kusema "huyu aanze kazi" alikuwa ameshika karatasi na kalamu, na wala hakuandika hilo. Siku nyingine binamu huniambia anajuta. Siku nyingine ananiambia bahasha zilikuwa arobaini na mbili.

Daktari wa koo aliwaita ndani. Alikuwa amepitisha kamera siku iliyotangulia, na asubuhi ile tena. Hakuna uvimbe, alisema. Hakuna kidonda. Akaikuza picha kwenye kioo cha kompyuta.

Juu ya nyama nyekundu, ndani kabisa, palikuwa na mistari myembamba iliyojipinda, duara ndani ya duara.

"Alama ya kidole gumba," alisema daktari kwa sauti ya chini.

"Cha nani?" anti akauliza.

Binamu akaingiza mikono mfukoni.

Daktari aliweka picha mbili bega kwa bega, ya jana na ya leo.

"Jana kilikuwa hapa," akasema. Akateremsha kalamu taratibu, kuelekea kwenye njia ya pumzi. "Leo kiko hapa."