Nikamate Kwanza

Jumamosi ile ya Septemba njia ya mduara ya kuzunguka mbuga ilizibwa na nyati. Dume lenye manyoya hadi magotini lilijilaza katikati ya changarawe, na nyuma yake wakajazana wakimbiaji, akina mama na vigari vya watoto, wazee na darubini zao za ndege. Nusu ya mji wa Des Moines ilikuwa pale. Marlys Tjaden, msaidizi wa daktari wa meno, alikuwa mbele ya wote, kavaa koti jepesi la zambarau, akirukaruka asipoe. Ng'ambo ya nyati alisimama mwanamume mrefu mwenye kofia ya rangi ya chungwa na soksi zisizofanana.

"Mwambie asogee, dada," alisema yule mwanamume.

"Mwambie wewe. Uko upande wa mkia."

Nyati hakusogea kwa dakika arobaini, na dakika arobaini zilitosha. Yule alikuwa Verlin Koopman, fundi wa mabomba. Yeye aliingilia lango la magharibi, Marlys la mashariki, kila mmoja akizunguka kinyume cha mwenzake. Tangu siku hiyo wakawa wanakutana darajani kila asubuhi, theluji ianguke isianguke, wakinywa kahawa ya Verlin kwenye kifuniko kimoja cha themosi. Kufika Februari Verlin alimwita mpenzi. Marlys alijifanya hakusikia, ili aambiwe tena.

Machi Verlin alimwomba wawe wanakimbia upande mmoja. Alikuwa na jambo la kumwambia, alisema, ila lilitaka mwendo mrefu kidogo. Wakimbiaji wawili walikuwa wakiwapita karibu, wakisikia. Marlys akacheka.

"Kwa miguu hiyo? Nikamate kwanza."

Masikio ya Verlin yakawa mekundu.

Kesho yake hakuwapo darajani, wala keshokutwa yake. Siku ya tano Marlys alimpigia simu.

"Umepotelea wapi, Verlin?"

"Sijapotea. Nipo mbugani kila asubuhi."

Marlys akakata simu. Mumewe wa zamani alimdanganya miaka tisa kwa sauti tulivu kama ile. Hakumwuliza zaidi, akawa anazunguka peke yake kila asubuhi. Watu wa kule hawagombani. Hunyamaza, kisha huhama. Baada ya wiki tatu alimwambia dada yake Joleen, aliyekuwa jimbo la mbali la Arizona, kwamba amekubali kuhamia kwake. Lori la mizigo, alilolikodi Joleen, lingekuja Jumatatu.

Jumamosi akaenda kuiaga mbuga. Alishuka garini.

Mbuga haikuwapo. Nyasi zilizokuwa zikimzidi kichwa zimekuwa jivu, nchi nyeusi tii hadi upeo wa macho, moshi ukifuka hapa na pale. Alijua huchomwa makusudi kila baada ya miaka michache ili ziote upya; tangazo lilikuwa langoni siku nyingi, naye alipita bila kulisoma. Hata hivyo alisimama kama mtu aliyekuta nyumba yake imevunjwa. Kisha akaanza kukimbia, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine.

Alipofika darajani akageuka. Kwa mara ya kwanza mduara wote ulikuwa wazi, lango la magharibi likionekana kama kiganja cha mkono wake. Na ng'ambo kule, nusu ya njia nyuma yake, kofia ya rangi ya chungwa ilikuwa inakuja.

Ilikuja upande uleule anaokwenda yeye.

Marlys alishika ukingo wa daraja. Wiki tatu. Alihesabu asubuhi zote zile, na katika kila moja akamwona nyuma yake, ndani ya nyasi, mkono kiunoni, akihema.

Verlin alichukua dakika kumi na tano kufika.

"Mbona umesimama?" alisema, ameinama, mikono magotini. "Umeniharibia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nikukamate. Juzi nilikusikia mbele yangu kabisa, nikatimka. Kumbe bata mzinga."

Marlys alitaka kucheka, yakatoka machozi. Verlin akashika ukingo wa koti la zambarau kwa vidole vyeusi vya masizi.

"Nimekukamata."

"Nimesimama mwenyewe."

"Sijali." Akavua kiatu, akatoa ndani ya soksi pete iliyofungwa kwa karatasi ya chingamu. "Imenitoa malengelenge, mpenzi. Ichukue."

Simu ya Marlys ikaita. Joleen alitaka kujua kama masanduku yameshafungwa.

"Lirudishe lori, Joleen," Marlys alisema, akikitazama kidole chake. "Nimekamatwa."