Jaji Aliyekataa Peda

Wiki ya tatu sasa mtambo wa kufumia wa Yamuna ulikuwa kimya. Mumewe alipofariki, shemeji yake Dattu alitia kufuli chumba cha mtambo. "Nyumba ni ya baba yetu," alisema, "na kilichomo ni chetu." Humo ndani mlikuwa na sari aliyoagizwa na bibi harusi mmoja, imefumwa nusu, na harusi ni baada ya miezi miwili.

Yamuna akafanya kama wafanyavyo watu wa Yeola, mji wa wafumaji huko India, wakiwa na shida kwa mkubwa. Alinunua boksi la peda, vitamu vya maziwa, akaenda kwa jirani yake, Jaji Sulabha Deodhar. Mama huyu alianza kama wakili mdogo hapo hapo mjini, akapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mumbai. Alikuwa amestaafu, lakini bado aliitwa kuongoza baraza la usuluhishi la mahakama.

"Mheshimiwa, pokea," Yamuna alisema. "Mwisho wa mwezi unakaa barazani. Mwambie Dattu afungue chumba changu!"

Jaji alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Rudi na peda zako, mwanangu. Miaka thelathini na moja ya ujaji sijala kitamu cha mtu mwenye shauri. Kila sikukuu ya Diwali maboksi yalikuja, mimi nayarudisha, mama mkwe wangu anayasindikiza kwa macho. Alininunia mpaka akachoka!"

Yamuna aliona haya, akatamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama. Sina uwezo wa wakili."

"Nani kakwambia unamlipa? Mwanamke yeyote, awe nacho asiwe nacho, serikali inampa wakili bure. Nenda mahakamani, uliza ofisi ya msaada wa sheria. Kama kuandika kunakushinda, watakuandikia. Dattu ataitwa barazani. Mkipatana, mapatano yanakuwa hukumu, hayana rufaa. Msipopatana, hujapoteza kitu, utafungua kesi."

"Na wewe utatuamua?"

"Shauri lenu sitaligusa. Umeshanieleza upande wako. Dattu naye ana haki ya jaji ambaye hajasikia maneno ya sebuleni."

"Jamani! Nimejiharibia!"

"Hujajiharibia chochote. Nenda."

Yamuna akaenda. Akapewa wakili, binti mchangamfu aitwaye Mukta. Siku ya baraza, Dattu aliingia kifua mbele. Jaji mwingine alikuwa kitini.

"Mama, unataka nini?" jaji aliuliza.

Yamuna alisimama. "Sitaki nyumba yote. Nataka kufuma."

Mukta akaonyesha kadi ya mfumaji ya serikali yenye jina la Yamuna, ushahidi kwamba kufuma ni kazi yake. Dattu akainamisha kichwa. "Niliogopa atauza sehemu ya nyumba aliyoachiwa na mumewe, arudi kwao."

"Kwetu wapi, shemeji? Miaka kumi na tisa nakula mchuzi wenu usio na chumvi! Ningekuwa wa kukimbia, si ningekimbia zamani?"

Baraza zima likaangua kicheko, Dattu naye hakujizuia. Wakaandikiana: chumba na mtambo ni vya Yamuna, na hakuna atakayeuza nyumba bila sahihi ya mwenzake. Dattu akatia sahihi, akatoa ufunguo mfukoni.

Sari ikamalizika siku nane kabla ya harusi. Asubuhi moja Dattu alisimama mlangoni, anakuna shingo.

"Shemeji, dada yetu mdogo mumewe kamfukuza na watoto. Ile ofisi ya wakili wa bure... iko mlango upi?"

Yamuna aliinuka kwenye mtambo. "Mwite aje. Nitampeleka mwenyewe."