Siku Stima Alipoitwa Bure

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso vizuri, Mideva alikuwa na kazi moja isiyosubiri: kumpelekea Stima majani. Stima alikuwa fahali wa baba yake, mweusi tititi, mwenye nundu kubwa na pembe zilizochongwa zikachongoka. Mwaka huo wa 1996 umeme ulikuwa haujafika kijijini kwao, pembezoni mwa msitu wa Kakamega upande wa Shinyalu, na watu walipenda kutania kwamba stima pekee waliyoijua ilikuwa na miguu minne na mkia. Mideva alikata majani ya nepia, akayatia kwenye karai pamoja na chumvi kidogo, kisha akapiga mluzi. Stima akanyoosha shingo juu ya lango la boma lake kama mtoto aliyesikia sahani zikigongana.

Shingoni fahali huyo alikuwa na kidonda alichopata katika shindano lililopita. Baba, Mzee Shikanga, alikuwa amekataza kabisa asipiganishwe mpaka kipone. Alikitazama kila siku, na Mideva naye alifukuza nzi kwa tawi wakati Stima akila.

Lakini asubuhi hiyo ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Mideva hakukaa sana bomani. Wageni walikuwa wanakuja.

Mama yake, Pascalia, na akina mama wenzake wa kikundi walikuwa wamejenga nyumba ya wageni. Waliikandika kwa mikono yao, wakaiezeka kwa nyasi, wakatandika vitanda viwili shuka walizozitarizi wenyewe. Walitaka watalii waliokuja kuutembelea msitu walale hapo na kuona jinsi watu wa kijiji wanavyoishi. Majirani waliwacheka. Mzee Shivachi wa ng'ambo ya kijito alisema kwamba nyumba hiyo ingefaa sana kuwekea mahindi. Pascalia alimjibu kwamba wageni wa kwanza wakienda na furaha, wataleta wengine. Wakienda wamenuna, basi alete mahindi yake. Mideva aliyasikia maneno hayo, yakamkaa rohoni.

Wageni wenyewe walikuwa wawili. Ingrid alitoka Norwe, mrefu, mwenye kofia pana. Rachael alikuwa mwalimu kutoka Nairobi. Mideva alipigwa na butwaa, kwa sababu hakujua kwamba hata Mkenya anaweza kuwa mtalii. Rachael alicheka na kumwambia kwamba alizaliwa katikati ya lami, na hajawahi kuona msitu mkubwa kama huu maishani mwake. Akasema mgeni ni mgeni tu, hata akitoka mlango wa pili.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Weldon, kijana aliyeongoza wageni msituni, aliwachukua wote watatu, Mideva akiwemo. Aliwaomba wafuate njia, wasichume kitu na wasipige kelele. Wakaona mbega wakiruka kwa mikia yao myeupe, vipepeo wengi kwenye tope, na kulukulu mkubwa wa buluu akipita juu ya vichwa vyao. Mideva alikuwa amemwona ndege huyo mara nyingi bila kumjali. Alipoona machozi ya furaha machoni mwa Ingrid, akamtazama tena kwa makini, akaona kweli ni mzuri.

Nyumbani wageni walikula obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wa kienyeji, kwa mikono. Ingrid alijaribu kusonga ugali, ukamshinda, jikoni kukawa na vicheko. Kila alipotaka kupiga picha, alimwomba Rachael amwulize anayepigwa kwanza kama anakubali. Nyanya wa jirani alikataa, na Ingrid akairudisha kamera mkobani bila kinyongo.

Jioni, walipokuwa wakinywa chai uani, Rachael alimgeukia Mideva.

"Tumesikia kwamba huku mafahali hupiganishwa, na ngoma hupigwa," alisema. "Kuna shindano lolote kabla hatujaondoka?"

Hakukuwa na shindano lolote, na Mideva alilijua hilo vizuri. Lakini alizitazama nyuso za wageni zilivyojaa hamu, akawaza mahindi ya Mzee Shivachi yakirundikwa juu ya zile shuka zilizotariziwa. Ulimi ukamtangulia.

"Liko kesho asubuhi," alisema. "Fahali wetu atapigana."

Wageni walifurahi mno. Mama alikuwa jikoni, hakusikia.

Usiku Mideva alipanga mpango wake, na kabla ya kupata usingizi aliuona ni mpango wa akili sana. Kesho yake baba angekwenda mjini Kakamega kununua dawa ya kidonda cha Stima, na mama angekwenda kisiagini. Binamu yake Tyson angepiga isukuti, ngoma ya kuwaitia mafahali, kidogo tu. Stima angekwaruza ardhi ndani ya boma, wageni wangemwona alivyo mkali, kisha Mideva angesema kwamba fahali wa upande wa pili ameogopa kuja. Hakuna ambaye angeumia, na kila mtu angefurahi.

Asubuhi, wazazi walipoondoka, Tyson aliishusha ngoma iliyokuwa imening'inia ukutani. Alikuwa na mashaka.

"Hii hatupiganga ovyo, Mideva," alisema. "Mzee akijua atanichuna ngozi."

"Utapiga kidogo tu. Wageni wanangoja."

Wageni walikuwa wamesimama uani, Ingrid na kamera yake shingoni. Tyson akaanza kupiga. Mwanzoni alipiga kwa woga, lakini isukuti ina namna yake ya kumshika mtu mabega. Punde tu alikuwa akiipiga kwa nguvu zote, mdundo ule ule ambao Waisukha, watu wa kwao, humsindikizia fahali uwanjani.

Watoto hawa wawili walikuwa wamesahau jambo moja. Stima aliujua mdundo huo kuliko wao. Tangu akiwa ndama mkubwa, kila aliposikia isukuti ikipigwa hivyo, alipelekwa uwanjani kupambana. Aliinua kichwa, akakoroma, akarudi nyuma hatua chache. Kisha akalipiga lango la boma kwa kifua, miti ikavunjika, naye akatoka mbio kuelekea uwanja wa kijijini, njia anayoijua mwenyewe.

"Anaenda wapi?" Rachael aliuliza huku akirudi nyuma hadi ukutani.

Tyson alikuwa amesimama na mikono hewani, lakini ngoma ilikuwa imekwisha kusema. Kutoka kwenye mashamba ya chai na mahindi watu walianza kuchomoza, wanaume kwa wanawake, wakivunja matawi na kupiga filimbi. Nani angebaki shambani isukuti inapoita? Walijaa njiani wakiimba na kuruka, na wageni wakasombwa nao. Ingrid alicheka, macho yakimng'aa. Mideva alikimbia nyuma ya Stima akiomba Mungu amrudishe nyumbani.

Walipofika uwanjani, roho ilimruka. Upande wa pili, Mzee Shivachi alikuwa amefika na fahali wake mwekundu, akimshikilia kwa kamba. Alikuwa amesikia ngoma ya Shikanga, na kwake hilo lilikuwa na maana moja tu: kwamba ameitwa. Mzee huyo si mtu wa kuitwa akakaa. Stima alikuwa katikati ya uwanja akirusha udongo kwa kwato. Kidonda chake kilikuwa kimefunguka, damu ikimtiririka shingoni.

Watu walipiga duara kubwa wakishangilia. Rachael alimshika Mideva mkono na kumwambia kwamba hajawahi kuona jambo la kusisimua kama hili. Mideva akaelewa kwamba sasa angeweza kunyamaza tu. Shindano aliloliahidi lilikuwa limejileta lenyewe. Wageni wangepata kila walichokitaka, nyumba ya mama ingesifiwa, na hakuna ambaye angejua kwamba alidanganya. Alihitaji tu kunyamaza wakati Mzee Shivachi akiifungua kamba ile.

Akamtazama Stima. Aliiona ile damu, akakumbuka anavyomfukuzia nzi kila asubuhi. Alikimbia akiuzunguka umati mpaka akamfikia yule mzee.

"Kuka, usimfungue," alisema, akimwita babu kwa heshima. "Hakuna shindano. Nilidanganya wageni ili wafurahi, tukapiga ngoma bure. Stima ni mgonjwa."

Mzee Shivachi alimtazama Stima, akaiona damu shingoni. Kisha akaikaza kamba mkononi, akamgeuza fahali wake na kuinua fimbo juu.

"Nyamazeni wote," alitangaza. "Tumeitwa bure."

Minong'ono ikaanza, na mingine haikuwa ya upole. Mideva alitamani ardhi impasukie. Lakini Stima hakujua habari za kutubu. Aliendelea kukwaruza ardhi akimtafuta adui, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumsogelea.

Wakati huo Pascalia alitokea, unga umemjaa kichwani. Aliisikia ngoma ya nyumbani kwake akiwa kisiagini, akaacha kila kitu. Alipitia nyumbani, akaona lango limevunjika, akachukua lile karai lenye majani na chumvi, akaja nalo mpaka ukingoni mwa uwanja. Akamwamuru Mideva asimame nyuma ya ua wa michongoma.

"Piga mluzi wako wa asubuhi," alisema.

Midomo ya Mideva ilikuwa mikavu, mluzi wa kwanza ukatoka pumzi tupu. Wa pili ulisikika. Stima akasimamisha masikio. Wa tatu ulipolia, aligeuza kichwa, akaliona karai, akaanza kuja taratibu huku akikoroma. Alipoingiza mdomo kwenye majani, wanaume wawili walimtia kamba. Uwanja mzima ulishusha pumzi pamoja.

Mambo hayakuishia hapo. Kwa desturi yao, ngoma ikiwaita watu bure, mwenye ngoma huwalisha. Pascalia aliwatazama watu wale wote, akahesabu viazi vyake moyoni, kisha akawakaribisha nyumbani. Rachael, ambaye alikuwa amemweleza Ingrid kila kitu, alimfuata na kumwomba radhi. Alisema kwamba waliuliza habari za shindano kama watu wanaoagiza soda dukani, bila kujua ni jambo linalongojewa siku yake. Akaomba wapewe kazi.

Wakapewa bila huruma. Ingrid alimenya viazi vitamu mpaka vidole vikawa vyeusi. Rachael alipanda na kushuka kilima akiteka maji kisimani, ndoo ya kwanza ikimwagika nusu njiani. Yule nyanya aliyekataa picha jana aliketi karibu na Ingrid akimwonyesha jinsi ya kushika kisu. Hawakuwa na lugha moja, ila walicheka pamoja. Watu waliposhiba, wapigaji wenyewe waliichukua isukuti, safari hii kwa mdundo wa kucheza, na Stima akiwa amefungwa mbali upande wa pili wa kijito. Wageni walicheza mpaka wakaishiwa pumzi. Nyanya akamvuta Ingrid mkono, akaielekeza kidole ile kamera, akakaa vizuri kupigwa picha.

Mideva hakucheza. Alikuwa akiosha sufuria za kijiji kizima, na Tyson alikuwa akijenga upya lango la boma. Baba aliporudi na dawa, alisikiliza kisa chote, akampa Mideva ile chupa amshikie wakati akikisafisha kidonda. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi ya fimbo.

Kesho yake wageni walifunga mizigo. Rachael alimuaga Mideva, kisha akamwuliza swali la mwisho.

"Tukipita njia ya msituni, tutawaona tena wale mbega?"

Mideva alitaka sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui," alijibu. "Siku nyingine wanakuwanga hapo, siku nyingine hawapo."

Rachael alitabasamu, akamkumbatia. Akasema kwamba watarudi Desemba na wenzao, na kwamba wakikuta shindano wataliona, wasipolikuta watamenya viazi. Walipotokomea njiani, Mzee Shivachi, aliyekuja kuwaaga pia, aliitazama ile nyumba ya wageni, akakohoa. Alimwambia Pascalia kwamba mahindi yake atayatafutia mahali pengine.

Mama alisubiri mzee huyo aende zake, kisha akamketisha Mideva kizingitini mwa nyumba ile.

"Uliogopa kwamba hatutoshi, ndiyo maana ukatuongezea uongo," alisema. "Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgeni mwonyeshe nyumba yako ilivyo. Palipo na kitu, mpe kwa moyo. Pasipo na kitu, mwambie hakuna. Uongo wako ulitaka kumuua Stima, na ni ukweli wako uliomwokoa, hata kama ulikutoa jasho. Yule Ingrid hatamkumbuka fahali. Atakumbuka kwamba alimenya viazi na watu."

Mideva aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Kisha, kutoka bomani, kukasikika mlio mrefu wa kudai. Majani ya asubuhi yalikuwa yamechelewa. Alichukua karai, akapiga mluzi, na Stima akanyoosha shingo juu ya lango jipya.