Mlango wa Arobaini na Sita

Haya, nijibuni kwanza: nalala nje mvua ikininyeshea, mwizi ananipita, jirani ananizungusha bila kubisha hodi. Mimi ni nani?

Kimya? Basi nipeni mji. Mmenipa Dublin. Nimekwenda Dublin, nimekula, nimekunywa, nimerudi na viatu vipya. Jibu ni ufunguo.

Hapa kwetu Drumsillan ufunguo unakaa mlangoni, upande wa nje, tangu asubuhi mpaka watu walale. Jirani anauzungusha, anaingia, anajiwekea birika jikoni. Mlango usio na ufunguo ni wa marehemu, au wa mtu aliyekasirika.

Aliyekasirika alikuwa mmoja tu, Sorcha McGarvey. Ndiyo maana asubuhi ile Philomena Gately aliingia kwa Fergal Tiernan na kuweka kitu chenye kutu mezani, kando ya yai lake.

— Huu hapa.

— Ufunguo wa nini, Philomena?

— Wa zizi la zamani la padri. Haufungui kitu, kazi yake ni kuonekana tu. Alhamisi saa nne mwamuzi anakuja, na Sorcha atakuwa mnadani anauza ndama. Wewe unauchomeka mlangoni kwake, unaondoka.

— Kwa nini mimi?

— Mbwa wake anakujua. Mimi alinichania soksi.

Philomena ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu kwenye shindano la vijiji vyenye moyo wa ujirani. Kwenye fomu aliandika kwa mkono wake kwamba kila mlango wa Drumsillan una ufunguo nje. Milango ni arobaini na sita. Kwa arobaini na tano alisema kweli.

— Si umwombe Sorcha arudishe wa kwake?

— Nimwombe mimi? Nani alimfanya autoe?

Fergal akalisukuma yai pembeni.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka minne nyuma, zikiwa zimebaki siku tisa afunge ndoa na Fergal, Sorcha aliingia baa ya Mulvey kuazima viti vya sherehe. Akakuta kitambaa kimetundikwa ukutani: SAFARI NJEMA FERGAL. Fergal alikuwa amepata kazi ya machimbo huko Perth, Australia. Kijiji kizima tulijua wiki tatu nzima. Tulizungusha ufunguo wa Sorcha, tukanywa chai yake, tukasifu kitambaa cha gauni. Mimi nilioka keki ya kumuaga bwana harusi. Nilipita nayo kwa Sorcha, nikamwambia ni ya siku ya kuzaliwa ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa amekufa zamani.

Fergal alipofika uwanja wa ndege alituma ujumbe: “Nisamehe. Miaka miwili tu. Utanisubiri?”

Sorcha hakujibu. Kesho yake mlango wake haukuwa na ufunguo.

Majira ya baridi yaliyopita baba yake Fergal alianguka kwenye ngazi, na kijana akarudi kumuuguza. Alikuta kila mtu anamsalimia isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja ndiye pekee aliyekuwa anamtaka.

Jumatano mchana alikwenda. Alimkuta Sorcha kwenye banda la kukamulia, anaosha ndoo. Mbwa alitikisa mkia, Sorcha hakutikisa kitu.

— Umepotea njia?

— Nimetumwa.

— Na nani?

Fergal akatoa ule ufunguo, akaeleza yote: fomu, mwamuzi, zizi la padri. Sorcha alisikiliza huku anasugua ndoo ambayo ilishatakata zamani.

— Wangapi wanajua?

— Wote.

— Kama kawaida yenu. Na wewe unaniambia ili iweje?

— Mara ile sikukuambia.

— Mara ile ungeniambia kwa kinywa chako, ningekupa matusi, ningelia, pengine ningepanda ndege na wewe. Nani ajuaye? Mlinifanya nichague leso za mezani, Fergal!

— Najua.

— Hujui. Ulikuwa Perth unaota jua.

Fergal akautia ule ufunguo mfukoni. Kisha akasema:

— Lile swali langu hujanijibu mpaka leo.

— Swali gani?

— Unalijua.

— Nitalijibu siku nikipenda. Mrudishie Philomena chuma chake.

Alimrudishia. Philomena alimwita msaliti wa kijiji, akaenda kuuchomeka mwenyewe Alhamisi, na kipande cha nyama ya nguruwe mkononi kwa ajili ya mbwa.

Saa nne mwamuzi akafika, bwana mmoja mrefu aitwaye Prendergast, mwenye koti la mvua na daftari. Tulimfuata kama bata. Kila nyumba alizungusha ufunguo, akaingia, akapewa mkate wa soda na siagi. Nyumba ya thelathini alikuwa ameshalegeza mkanda.

Kwa Sorcha, nyumba ya mwisho, akashika ufunguo. Haukuzunguka. Akajaribu tena.

— Una kutu, alisema Philomena. Ni mvua hizi, bwana. Twende tu, mwenyewe yuko mnadani.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

— Mwenyewe yupo, alisema Sorcha. Ndama watauzwa wiki ijayo. Na ufunguo huo si wangu.

Prendergast akauachia ufunguo.

— Wako uko wapi, bibie? aliuliza Prendergast.

— Kwenye droo ya vijiko, mwaka wa nne huu.

— Kwa nini?

— Waulize hao nyuma yako. Walijua mchumba wangu ananikimbia. Waliingia humu kila siku, wakanywa chai, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikaona mlango huu haunifai.

Philomena alikuwa mwekundu kama nyanya.

— Tuliona kumwambia ni kazi ya Fergal, alisema.

— Na mimi niliona atasikia kwenu, alisema Fergal kutoka nyuma. Nilikuwa mwoga. Hilo liandike, bwana. Uliokosewa ni mlango huu, na mkosaji wa kwanza ni mimi.

— Nyamaza, Fergal, hushindaniwi wewe, alisema Sorcha. Lakini alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi.

Nami nikaona nisibaki na mjomba wangu wa uongo. Nikasema habari ya keki. Sorcha akanigeukia:

— Keki ilikuwa ya nini hasa?

— Ya limau, mwanangu.

— Na ulinipitishia puani!

Prendergast aliandika kwa muda mrefu, akafunga daftari, akaondoka bila kula mkate wa nyumba ya mwisho.

Hatukushinda. Ngao ilikwenda kwenye kijiji kimoja chenye maua mengi na kwaya. Barua yetu ilisema nyumba ya mwisho ilimfundisha mwamuzi zaidi kuliko zile arobaini na tano, lakini fomu ilikuwa na uongo, na uongo hukatwa alama. Philomena aliisoma mbele ya watu ukumbini.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Sorcha. Alibisha hodi, mwanamke ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake, akasimama kwenye mvua mpaka akafunguliwa.

— Nimekuja kuomba radhi. Sitaki chai.

— Mbona umelowa hivyo?

— Mbona hukufungua upesi?

Alikaa saa mbili. Chai alikunywa.

Jumamosi iliyofuata Fergal alikuwa anakaza waya wa uzio wa baba yake. Simu ikalia mfukoni. Alivua glavu kwa meno. Ni Sorcha, chini kabisa ya ule ujumbe wa miaka minne, ambao hakuna aliyewahi kuufuta:

“Hapana. Sikukusubiri hata siku moja, nilikuwa na ng’ombe wa kukamua. Ufunguo uko mlangoni.”