Waya wa Manowari Ulionasa Ndege Mia

Wiki ya tatu tangu mafuta ya taa yaadimike mjini, stoo ya karakana ya ushirika pale mtaa wa Gerezani ilianza kunuka mafuta ya taa. Elisaria, mtunza stoo, alikagua madumu yote, yalikuwa makavu. Harufu ilitoka kwenye mzingo wa waya wa chuma uliobaki pembeni.

Asili ya waya ule haikuwa na ubishi. Ulitoka kwenye manowari ya kubebea ndege iliyovunjwa ng'ambo, na Ramniklal, muuza vyuma chakavu, alieleza kazi yake siku alipouleta. Hutandazwa juu ya sitaha. Ndege inayotua huudaka kwa kulabu ya mkiani na kusimama ghafla. Ukishanasa ndege mia hutupwa, hata kama unang'aa, kwa kuwa kinacholika ni kiini chake cha katani, ambacho jicho halikioni. Kibati kilichofungwa kwenye ncha kilisema hivyo hivyo: mia, usitumike tena. Lakini vipuri havikupatikana, winchi ya kuinulia injini ilikuwa imelala miezi miwili, na Elisaria alikikata kibati kwa koleo kabla mafundi hawajakiona, akakitupa chooni, waya ukafungwa kwenye winchi.

Siku ya kumi na moja waya ulikatika. Injini ya lori ilimwangukia fundi Kasmir, akafa. Seifu, mwendesha winchi, aliwekwa rumande kwa madai kwamba alizidisha uzito. Kesi yake ilipangwa kusikilizwa Jumatatu. Elisaria aliandikisha polisi maelezo ya sentensi mbili. Zote zilikuwa za kweli, na kibati hakikuwamo.

Harufu ingeweza kuelezwa: mafuta ya ndege, jamaa ya mafuta ya taa, yalikuwa yamekolea kwenye nyuzi. Elisaria alijiambia hivyo, na hoja haikuwa mbaya. Lakini Alhamisi, saa saba mchana, mafundi wakiwa wamekwenda kula, alisikia mvumo mwembamba ukishuka kutoka juu ya bati, ukikua, ukija moja kwa moja kama kitu kizito kinachotafuta pa kutua, naye akabaki amesimama pasipo kutaka, mpaka mvumo ulipofika usawa wa kichwa chake na ule mzingo, ambao hakuna mkono uliougusa, ukajikaza wote kwa mpigo mmoja, ukalia, na kitu asichokiona kikamdaka kiunoni, kikamrudisha nyuma hatua tatu hadi ukutani. Shati lake lilibaki na mstari wa grisi, upana wa kidole gumba.

Aliyemletea mganga, Bibi Mwanamkuu, nyumbani kwake alikuwa Zamda, mke wa Seifu. Alisikia kwamba mwenzake na mumewe kazini anaumwa tangu Alhamisi, akaona si vyema kumwacha.

"Shikamoo, bibi," Elisaria alinong'ona.

"Marahaba. Mlutheri leo umenikumbuka?" Bibi Mwanamkuu aliweka chetezo chini. "Majini ya reli nimeyazoea. Ya manowari ndiyo kwanza."

Alimfunika kaniki, akatia ubani kwenye makaa. Moshi ulipojaa, Elisaria alisikia sauti nzito ikitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Niliahidiwa kupumzika baada ya mia. Huyu alikata kibati. Alijua."

"Kibati gani?" Zamda aliuliza polepole.

"Cha kuzuia waya usitumike. Kiko chooni. Seifu hana kosa."

Kaniki ilipoondolewa, Zamda alikuwa amechuchumaa mbele yake, karibu sana.

"Kaka Elisaria. Jumatatu uyaseme hayo kwa hakimu. Maneno ya jini hayapokelewi mahakamani. Yako yanapokelewa."

"Yapi, dada Zamda?" Alijifuta jasho. "Mimi sikumbuki hata neno moja."

Zamda aliinuka. Kisha alijitanda khanga yake, akatoka bila kuaga.

Bibi Mwanamkuu alimwaga makaa mlangoni, akayazima kwa maji.

"Jini wa waya alitoka ubani uliposhika tu," alisema. "Alikuwa amechoka, maskini, hata hakunisumbua. Ya kibati umeyasema wewe mwenyewe."

Elisaria alikunja kaniki, akamrudishia.

"Sasa huyu aliyeingia baada yake, huyu asiyekumbuka neno," bibi aliendelea, akifunga kifurushi chake, "huyu mimi sina dawa yake."