Kumpokonya Bakteria Panga

Kila jioni, nyumbani kwao Silanga, mtaani Kibera, Adhis alimwosha kaka yake Billy kidonda cha mguu kwa maji ya chumvi. Billy alikuwa amemeza vidonge vya dukani, akaviacha mara tu alipopata nafuu. Sasa kidonda kilikuwa kimerudi kwa ukali, na vidonge vilevile havikufua dafu.

"Bakteria wamevizoea," alisema Shangazi Magdaline, mtafiti wa dawa katika chuo kikuu, aliyekuja kumpeleka Billy hospitalini. "Huko watakupa dawa nyingine, na hiyo utaimaliza! Sisi tunatafuta njia mpya. Bakteria hutoa vimeng'enya vinavyokata nyama ya mwili kama panga. Tunaunda dawa ya kulikwamisha hilo panga. Bakteria hafi, lakini hana silaha, na kinga ya mwili inammaliza."

Maneno hayo yalimwingia Adhis. Shule yao ilipoalikwa kwenye mashindano ya sayansi Kawangware, yeye na rafiki yake Jackie walichagua jambo hilohilo. Shangazi aliwafundisha jaribio rahisi. Uji wa wanga ukitiwa iodini huwa buluu. Ukiongezwa mate, kimeng'enya cha mate huvunja wanga na buluu hutoweka. Lakini maji ya maharagwe mabichi yaliyopondwa hukikwamisha kimeng'enya hicho, na buluu hubaki.

Asubuhi ya mashindano walijaribu kwa haraka nyuma ya darasa. Buluu ikatoweka, ingawa walikuwa wametia maji ya maharagwe.

"Tutie maji badala ya mate," Jackie alinong'ona. "Buluu itabaki tu. Nani atashtuka?"

"Wacha zako! Mimi nikidanganya hapa na shangazi adanganye maabarani, Billy atapewa dawa gani?"

Zamu yao ikafika. Mwamuzi, Daktari Wakarima, alikunja uso. "Dawa isiyoua bakteria ni dawa gani?"

"Ya kumpokonya panga, Daktari," Adhis alijibu. "Mwizi asiye na panga, hata mama mboga anamshika."

Ukumbi ulicheka. Adhis akachanganya vitu vyake mbele ya wote, na buluu ikatoweka tena.

"Watu wa Kibera, rudini nyumbani!" mtu alipaza sauti.

Jackie alianza kukusanya chupa. Adhis akamshika mkono. "Hatutoki. Jaribio limekataa, na kuna sababu."

Alifikiri. Shangazi alikuwa ameacha mate na maji ya maharagwe yakae pamoja kwanza, ndipo akatia uji. Wao walikuwa wamemimina vyote kwa pamoja.

"Daktari, tulikosea kwa haraka yetu. Naomba kurudia."

"Muda wenu umekwisha."

"Basi unikate maksi, lakini niache nirudie."

Daktari Wakarima aliketi, akamwashiria aendelee. Adhis alichanganya mate na maji ya maharagwe, akangoja huku watoto wakizomea. Hakukubali kuharakishwa na mtu. Mwishowe alitia uji na iodini. Buluu ilitokea, ikakaa. Kelele zikafa.

"Maksi za muda nimezikata kweli," alisema Daktari Wakarima, "kwa hiyo ninyi ni wa pili. Lakini sikilizeni, nyote mliozomea. Jaribio likikataa, si aibu. Aibu ni kulipamba kwa uongo, kwa sababu mwisho wa uongo huo ni mgonjwa anayemeza dawa isiyofanya kazi. Anayekubali kosa lake na kulitafutia sababu, huyo ndiye mwanasayansi."